Sura ya Sita: Tumbo la Mbwa wa Msafara

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda bara kumtafuta David Livingstone, na katika msafara wake alikuwamo mbwa wa ulinzi aliyeitwa Omar. Walivuka matope ya Makata wakati wa masika, wakapanda milima ya Usagara, na walipokaribia kuingia Ugogo, Omar akafa. Stanley ameandika kwamba alikufa kwa uvimbe wa matumbo, na alisikitika kwa sababu Ugogo ndiko alikomhitaji hasa mbwa wa kukesha. Msafara ukafika Unyanyembe, Stanley akapanga katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora ya leo. Omar hakuiona miembe ya huko.

Hakuwa wa kwanza kuondoka. Mapema zaidi, kule Kingaru, alikufa farasi wa kijivu ambaye Stanley alipewa na Sultani Barghash wa Unguja. Stanley akampasua ili ajue kilichomuua, akakuta minyoo 25 minene imeng'ang'ania ukuta wa tumbo. Kilichofuata kinachekesha: jumbe wa Kingaru alidai faini ya nguo kwa sababu mzoga ulizikwa katika ardhi yake bila ruhusa. Mimi naona jumbe alikuwa na haki. Mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana ni jambo la kijiji kizima, si la mwenye farasi peke yake.

Nimeanza na wanyama hawa kwa sababu ya tofauti iliyopo kati yao. Farasi alipasuliwa na minyoo ikaonekana. Omar aliandikiwa jina la dalili tu. "Uvimbe wa matumbo" hautuambii kama ni minyoo, maji ya madimbwi, nyama iliyooza, sumu au homa. Tunachoweza kusema ni kwamba haikuwa parvo, maana virusi vya parvo vya mbwa vilijitokeza duniani katika miaka ya 1970. Miaka zaidi ya 150 imepita tangu Omar afe, na wafugaji wengi wa mbwa bado wanafanya alivyofanya Stanley: mbwa anahara, wanasema "tumbo limemchafuka", basi. Siku hizi wameongeza jambo moja. Wanakwenda dukani kununua probiotiki.

Probiotiki ni vijidudu hai, kwa kawaida bakteria au hamira, ambavyo mnyama akipewa kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Maana hiyo ilitolewa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001, na kila sehemu yake ina uzito: viwe hai, viwe vya kutosha, na faida iwe imethibitishwa. Kitu kilichokufa njiani hakimo. Chembe chache za kupambia kopo hazimo. Wala bakteria aliyemfaa mtoto wa binadamu hahesabiki kuwa amemfaa mbwa mpaka apimwe kwa mbwa.

Wazo lenyewe si geni. Ilya Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908, ndiye aliyewashawishi Wazungu kwamba bakteria wa maziwa ya mgando wana manufaa tumboni. Huku kwetu watu walikuwa wanakunywa mtindi na togwa bila kumsubiri. J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, alichunguza togwa pamoja na wenzake, na matokeo yao ya mwaka 2003 yanaonyesha humo mna jamii nzima ya bakteria wa asidi ya laktiki, Lactobacillus plantarum akiwamo, pamoja na hamira za aina kadhaa. Na ukipanda treni Tabora ukaelekea kaskazini utafika Mwanza, ambako tangu mwaka 2004 kikundi cha akina mama cha Tukwamuane, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Western cha Kanada, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu wa probiotiki kwa ajili ya watu, wakiwamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo mtu wa magharibi mwa Tanzania hana sababu ya kuona probiotiki ni muujiza wa ng'ambo.

Ila mbwa si mtu, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mbwa wa Tabora anakula nini? Ugali wa mahindi, dagaa wa Kigoma, mifupa ya buchani, makombo ya pilau siku ya harusi. Kwa ugali hana shida: mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia waliotangulia uzao wake, amerithi nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha wanga. Shida huja chakula kinapobadilika ghafla, hasa mafuta yanapozidi. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa wiki nzima akipewa sufuria la mafuta ya pilau Jumamosi, Jumapili atahara. Huyo, kama ni mzima, amechangamka, anakunywa maji na hatapiki, ndiye mgonjwa ambaye probiotiki inaweza kumsaidia. Inaweza, nasema, kwa sababu msaada wenyewe ni mdogo.

Utafiti mmoja wa mwaka 2019 uliwahusisha mbwa 60 walioanza kuhara ghafla. Kundi moja lilipewa probiotiki, la pili metronidazoli, yaani ile Flagyl ambayo kila nyumba ya Kitanzania ina vidonge vyake kwenye kabati, na la tatu lilipewa dawa bandia isiyo na kitu. Waliopewa probiotiki walipona kwa wastani wa siku 3.5, wa Flagyl siku 4.6, wa dawa bandia siku 4.8. Kitakwimu tofauti hizo hazikutosha kusema kundi moja lilishinda. Utafiti mwingine, wa mwaka 2009, ulitumia bakteria wa aina nyingine, Bifidobacterium animalis, na wenyewe uliona nafuu kubwa zaidi: siku 3.9 dhidi ya 6.6.

Ukiyasoma matokeo haya bila ushabiki utaona mambo mawili. Kwanza, mbwa wengi wanaohara kidogo hupona wenyewe ndani ya wiki moja hivi, hata wakipewa unga mtupu. Kwa hiyo jirani anayekuapia kwamba dawa fulani ilimponya mbwa wake hakudanganyi, ila hajui. Pili, na hili ndilo lililonigusa zaidi, katika utafiti ule wa kwanza Flagyl haikuizidi dawa bandia. Desturi ya kumvunjia mbwa kidonge cha Flagyl kila anapohara haimsaidii sana, na tunajua inavuruga bakteria wema wa tumbo lake kwa wiki kadhaa. Ukilazimika kuchagua kati ya Flagyl ya kabatini na probiotiki kwa mbwa mzima aliyehara kidogo, chagua probiotiki. Angalau haiachi uharibifu.

Bakteria wa probiotiki hawahamii tumboni. Ni kama misafara iliyokuwa ikipita Tabora: hupiga kambi siku chache, hufanya shughuli zao, kisha huendelea na safari. Ukiacha kumpa mbwa, baada ya muda hawaonekani tena kwenye kinyesi chake. Ndiyo maana hupewa kila siku kwa muda maalumu, aghalabu siku tano hadi saba kwa kuhara kwa ghafla, na hakuna maana ya kumpa mara moja ukategemea matokeo.

Sasa tuje kwenye kopo lenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada walinunua bidhaa 25 za probiotiki zilizouzwa kwa ajili ya wanyama, wakazipeleka maabara. Kati ya 15 zilizotaja idadi ya bakteria waliomo, ni nne tu zilizofikisha idadi iliyoandikwa. Na kati ya zote 25, mbili ndizo zilizokuwa na lebo iliyoeleweka na yenye ukweli. Hiyo ni Kanada, kwenye baridi na umeme usiokatika. Fikiria kopo hilo hilo limeshuka bandarini Dar es Salaam, likakaa ghalani, likapakiwa kwenye buti la basi, likasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Tabora, kisha likawekwa kwenye rafu iliyo karibu na mlango wa duka, jua la Oktoba likipiga. Bakteria wengi wa probiotiki hawavumilii joto na unyevu. Mnunuzi analipia walio hai, anaondoka na maiti.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ligeuze kopo usome nyuma. Jina la bakteria liwe kamili, pamoja na namba au herufi za aina yake. "Mchanganyiko wa bakteria wema" si jina. Idadi iandikwe kuwa ni ya siku ya mwisho wa matumizi, si ya siku ya kutengenezwa, maana bakteria hufa kila mwezi. Kwa mbwa bidhaa nyingi hutoa kati ya bilioni moja na bilioni kumi kwa siku, na kiasi cha kumpa kinafuata maelezo ya kopo na uzito wa mbwa wako. Tarehe isiwe imepita. Kama limeandikwa lihifadhiwe kwenye ubaridi na umelikuta juu ya rafu, muachie mwenye duka. Pakiti ndogo za unga zilizofungwa moja moja ndizo ninazozipendelea kwa mikoa ya joto, kwa sababu kufungua moja hakuziingizii unyevu nyingine.

Bakteria wa jamii ya Enterococcus faecium, hasa aina ya SF68, ndiye aliyetumika sana kwa mbwa. Hamira ya Saccharomyces boulardii nayo hutumika, na ina sifa moja nzuri: antibiotiki haiiui. Bakteria wengine wakitolewa pamoja na antibiotiki hufa, hivyo wapishanishe kwa saa mbili au zaidi.

Na mtindi? Wengi mtauliza, kwa sababu uko kila kona na bei yake inajulikana. Mtindi una bakteria hai, na kwa kuwa umeganda, sukari ya maziwa imepungua. Mbwa mkubwa hana kimeng'enya cha kutosha cha kuyeyusha sukari hiyo, ndiyo maana maziwa matamu humharisha. Lakini bakteria wa mtindi wa kawaida hawakuchaguliwa kwa ajili ya mbwa na idadi yao haijulikani. Uhesabu kuwa chakula. Kijiko cha chai kimoja kwa mbwa mdogo, kijiko cha mezani kimoja au viwili kwa mbwa mkubwa, uone atakavyoupokea. Ukimharisha zaidi, acha.

Yapo masharti matatu ambayo siyalegezi. Uwe mtindi usiotiwa chochote: usiwe na sukari, vanila wala zabibu. Zabibu huweza kuua figo za mbwa. Vitu "visivyo na sukari" ni vibaya zaidi, kwa kuwa vingine hutiwa zailitoli, ambayo kwenye lebo utaiona imeandikwa xylitol au E967. Kwa binadamu ni utamu tu. Kwa mbwa hushusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi na inaweza kuua ini. Vidonge vya kutafuna vya probiotiki vya watoto navyo huwa nayo mara kwa mara, kwa hiyo usimpe mbwa probiotiki ya mtoto kabla ya kusoma kila kilichomo. Sharti la pili, maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Ukanda wa Tabora una ng'ombe wengi, na maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Kuganda hakuviui kwa uhakika. Chemsha, acha yapoe, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana. La tatu linahusu togwa: ile tamu ya siku moja haina neno, ila togwa iliyochacha, unga wenye hamira unaoumuka na machicha ya pombe ni sumu kwa mbwa. Pombe kidogo tu humlevya, kumpooza na hata kumuua.

Namna ya kumpa haina ufundi. Chukua chakula chake kidogo, wali mlaini na kuku wa kuchemsha usio na mafuta, chumvi wala kitunguu. Kiache kipoe mpaka ukikigusa kwa mgongo wa kiganja usihisi moto, ndipo umwage unga wa probiotiki juu yake na ukoroge kwa kidole. Ukiutia kwenye uji unaofuka mvuke umewapika wote. Siku ya kwanza mpe nusu ya kipimo, maana tumbo lisilozoea hujaa gesi. Asipokula, changanya unga na maji kidogo, vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, inua mdomo wake pembeni, kwenye mfuko wa shavu nyuma ya chonge, umiminie taratibu huku kichwa kikiwa sawa. Usimwinue pua juu, yatamwendea mapafuni.

Katika nyumba za Waislamu, ambazo mjini Tabora ni nyingi, mbwa wa ulinzi hukaa nje na vyombo vyake havichanganyiki na vya nyumbani, kwani chombo alichokilamba mbwa husafishwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Desturi hiyo inatufaa hata sisi tunaozungumzia vijidudu. Bakuli, kijiko na bomba la mbwa viwe vyake peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kinyesi cha mbwa anayehara hubeba minyoo na vimelea vinavyoingia kwa watoto.

Hadi hapa nimemzungumzia mbwa mwenye kuhara kwepesi. Hatari ya probiotiki, kwa maoni yangu, haimo sana ndani ya kopo. Imo katika siku mbili au tatu ambazo mwenye mbwa anazipoteza akisubiri kopo lifanye kazi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa, ana miezi miwili au mitatu, ameanza kutapika na kuhara maji yenye damu na harufu kali: hiyo ichukulie kuwa ni parvo mpaka daktari aseme vinginevyo, na saa ndizo zinazohesabiwa, si siku. Hakuna bakteria wa kumwokoa. Anahitaji maji ya mishipa. Vuta ngozi ya shingoni kwa vidole viwili uiachie. Isiporudi mara moja, na ufizi ukiwa umekauka au umefifia, maji yamemwishia.

Minyoo ya safura nayo huleta kinyesi cheusi na ufizi mweupe, na dawa yake ni ya minyoo. Mbwa wa wawindaji na warina asali, wanaoingia misitu ya miombo pamoja na mabwana zao, wana adui wa ziada: mbung'o. Nagana, ugonjwa anaoueneza, humpa mbwa homa, humkondesha, humvimbisha uso na kumfunika macho kwa utandu mweupe, na wakati mwingine kuhara huwamo. Kumpa mtindi mbwa wa namna hiyo ni kumwacha afe. Vivyo hivyo mbwa mwenye maumivu makali ya tumbo, aliyejikunja mgongo na kukataa kuguswa, huenda kongosho lake limevimba. Uholanzi walijaribu kuwapa probiotiki binadamu wenye kongosho lililovimba vibaya, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha waliopewa walikufa wengi zaidi kuliko wasiopewa. Mnyama mahututi, au anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, asipewe vijidudu hai bila daktari.

Limebaki la kichaa cha mbwa, na naliandika kwa sababu kumpa mbwa dawa ni kumkaribia meno. Mbwa anayetokwa mate, taya imelegea, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, huonekana kwa wengi kama amekwamwa na mfupa au tumbo linamsumbua. Watu humfungua mdomo waangalie. Usifanye hivyo. Mfungie mahali peke yake bila kumshika, muite bwana mifugo. Na mate yakikuingia kwenye mchubuko, au akikung'ata, osha kwa maji ya bomba na sabuni dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba.

Mbwa mzima aliyehara kidogo mpe saa 48. Maji safi yawepo muda wote. Kama hatapiki, maji ya ORS ya watoto kidogo kidogo yanafaa. Probiotiki mpe ukipenda. Saa hizo zikiisha bila nafuu, au wakati wowote ukiona damu, kutapika kwa kurudia au kuzubaa, acha kijiko. Chota kinyesi kibichi kwa kijiti safi, kitie kwenye kichupa chenye kifuniko, andika tarehe na saa, kikinge na jua, ukipeleke siku hiyo kwa daktari wa mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo hapo hapo Tabora. Na beba kopo la kila ulichompa, hata kama ni Flagyl ya kabatini uliyoona haya kuitaja. Daktari hatakugombeza kwa kopo, atahangaika kwa kutoliona.